UZI: Msaada ukitokea dakika ya mwisho kwenye riwaya za falme na mazimwi, ni uhodari wa mtunzi au anatuchezea shere?

#1 MwanaKibokoni

Salaam wanabaraza.

Jana baada ya Isha tulikaa hapa Kibokoni, kahawa tungu na kashata, ukazuka ubishi uliomshinda hata muuza kahawa. Alikusanya vikombe vyake akenda zake, akatuacha twabishana.

Suala ni hili. Kwenye zile riwaya kubwa za falme, mazimwi na wachawi, kuna pahala ambapo mambo yameshaharibika kabisa. Shujaa hana hali, jeshi limezingirwa, adui yu langoni. Halafu ghafla bin vuu pembe inalia upande usiotarajiwa, au jua linachomoza, au wale tai wanatokea mawinguni, na wewe mtu mzima na ndevu zako unajikuta watafuta leso.

Tolkien, yule Mwingereza mtunzi wa The Lord of the Rings, alilipa jambo hili jina, yukatastrofi, yaani mgeuko wa ghafla kutoka maangamizi hadi furaha. Insha yake juu ya hadithi za kimaajabu ilianza kama mhadhara pale St Andrews, Scotland, mwaka 1939, ikachapishwa 1947, na humo anadai kuwa hiyo ndiyo kazi ya juu kabisa ya hadithi za namna hii.

Mimi nasema ni hila. Mtunzi amekwama, hajui atamtoaje mtu wake, basi anateremsha msaada kutoka juu na sisi twapiga makofi. Anayebisha alete hoja, si matusi.

#2 KijanaWaKongowea

Naunga mkono. Kama tai walikuwepo, kwa nini wasimpakie Frodo na ile pete ya uovu siku ya kwanza wakamshushe pale kwenye mlima wa moto akaiteketeze? Uzi ufungwe.

#3 MsomajiTudor

Nilijua tu. Hakuna uzi wa Tolkien usioletewa tai.

Kijana, mwenyewe alikuwa analijua hilo. Mwaka 1958 alipelekewa mpango wa filamu ya kitabu chake, akaukosoa kwa kirefu, na mojawapo ya malalamiko yake ilikuwa kwamba wale jamaa wanawatumia tai ovyo. Alisema tai ni mtambo wa hatari na yeye amewatumia kwa uchache.

Lakini MwanaKibokoni umekamata ncha isiyo yenyewe. Tai wanapofika, pete imeshateketea. Wao ni usafiri wa kurudi tu. Jambo lenyewe limetokea ndani ya mlima. Frodo amefika ukingoni, moto uko chini yake, na anakataa kuitupa. Anasema pete ni yake. Ameshindwa, kwisha habari. Ndipo Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki pete hiyo, anamrukia, anamng'ata kidole chenye pete, anacheza kwa furaha, anateleza.

Sasa jiulize Gollum yu hai kwa nini. Bilbo, aliyekuwa na pete kabla ya Frodo, angeweza kumuua zamani kule pangoni, akamwonea huruma. Frodo naye akamwonea huruma. Hata Sam, mwandani wa Frodo, aliyekuwa hawezi kumtazama, alimwinulia upanga pale pale mlimani muda mfupi kabla, mkono ukakataa. Hilo halikuteremka kutoka juu. Ni deni la huruma, limewekwa tangu kitabu cha mwanzo, na siku hiyo limelipwa.

#4 ChaiMkandaa

MsomajiTudor umesema vizuri, ila kuna kitu umekiruka. Hiyo huruma ya Bilbo pangoni haikuwepo kwenye The Hobbit, kitabu cha Tolkien kilichotangulia, toleo la 1937. Katika toleo lile Gollum anashindwa kwenye vitendawili, anaomba radhi kwa sababu hana zawadi ya kumpa, anamwonyesha Bilbo njia na wanaagana kwa heri. Tolkien alipokwisha kujua pete ni kitu gani ndipo akairudia sura ile, na toleo jipya likatoka 1951.

Kwa hiyo deni liliandikwa kwenye daftari baada ya malipo. Hiyo kwangu ni hila ya hali ya juu zaidi, na naivulia kofia.

Na msidhani ni mambo ya juzi. Euripides, mtunzi wa tamthilia wa Kiyunani, mwaka 431 KK alimwondosha Medea jukwaani kwa gari la mazimwi kutoka kwa Jua, babu yake. Aristotle akaja kulalamika kuwa mwisho wa hadithi utoke ndani ya hadithi, usiletwe na mtambo wa jukwaani. Malalamiko ya #1 yana miaka zaidi ya elfu mbili.

#5 MwanaKibokoni

Ahsante ChaiMkandaa. Umenipa silaha ambayo sikuwa nayo.

#6 MsomajiTudor

Silaha gani? Msimulizi yeyote hurudi nyuma akatengeneza. Kwani wewe wajua Homer, yule mshairi wa kale wa Kiyunani, alianza na nini?

#7 Bi_Kashata

Wanangu, nyote mwasema kama kwamba hadithi husomwa peke yako chumbani. Sisi tulizisikiza gizani kwa bibi, na bibi alikuwa hana haraka.

Nunda mla watu mwamjua? Paka wa sultani, alianza na kuku, akaja kwenye mifugo, akaishia kwenye watu. Kila akishitakiwa sultani husema paka ni wangu na hao aliowala ni wangu. Mpaka akala watoto wa sultani mwenyewe. Basi yule kitinda mimba aenda mwituni kumsaka. Aua mnyama, amburura hadi nyumbani akiimba, mama, nimemuua nunda mla watu. Na mama amjibu kwa wimbo, mwanangu, siye huyo. Aenda tena, aja na mkubwa zaidi. Siye. Tena. Siye. Sisi watoto ndio tuliokuwa mama, twaitikia sote. Steere, mmisionari Mwingereza, aliichapisha 1870 katika hadithi alizozikusanya Unguja, lakini kwetu Mvita ilikuwa ikenda bila kitabu.

Siku bibi alipoimba kuwa ndiye, nyumba nzima ilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Na sote tulikuwa twajua mwisho wake! Tumeusikia mara ngapi! Kwa hiyo mimi siamini habari za ghafla. Furaha yatokana na kungojeshwa. Wewe mngojeshe mtu vizuri, hata ukimpa anachokijua atalia.

#8 MpitaNjia_Likoni

Bi Kashata shikamoo. Mimi nilingojeshwa kupita kiasi.

Enzi za deki, kaka yangu aliazima ile filamu ya tatu ya The Lord of the Rings kwenye kibanda cha kukodisha Mwembe Tayari. Diski imekwaruzwa kama imepigwa msasa. Tukaangalia mpaka Frodo yuko ukingoni, uso umegeuka, pete iko kidoleni... picha ikaganda. Ikawa vijiboksi vya rangi. Tukaitoa, tukaifuta na kanga ya mama, tukaipulizia, ikarudi kwenye ukurasa wa mwanzo. Kaka akaniambia nisijali, yeye anaijua iliyobaki: Frodo alimuuzia pete sonara mmoja, wakanunua dau, Sam akawa sultani.

Miaka mingi nimeishi na mwisho huo. Nilipokuja kuuona wa kweli kwenye runinga ya shemeji nilikasirika kidogo. Wa kaka ulikuwa na hesabu nzuri, kila mtu alipata chake.

#9 KijanaWaKongowea

Sam sultani 😂😂 Kaka yako apewe kipaza sauti.

#10 BintiMakadara

Nimecheka mpaka nimeshtua watu kwenye matatu. Sasa nirudi kwenye mada.

Kwangu mimi mfano wenyewe ni ngome ya Helm's Deep, humo humo kwa Tolkien. Usiku kucha wanapigwa, mvua, ukuta umevunjwa, alfajiri mfalme anasema basi tutoke tukafe tukiwa juu ya farasi. Anapotoka tu, Gandalf, yule mchawi mwema, yuko juu ya kilima na Éomer, mpwa wa mfalme, na wapanda farasi wake, na jua nyuma yao. Hapo hakuna deni la huruma wala nini. Walikata shauri kutoka bila ya kutaraji kitu, ndipo msaada ukaja. Wangebaki ndani wakilia, usingekuja.

#11 MsomajiTudor

Hiyo ni filamu, dada. Kitabuni Éomer yumo ndani ya ngome anapigana usiku wote. Anayekuja na Gandalf ni jemadari Erkenbrand, na askari aliokuja nao wanatembea kwa miguu.

#12 BintiMakadara

Kwa miguu au kwa baiskeli, kaka yangu, hoja ni ile ile.

Na kwa kuwa unapenda kitabu, haya nakuletea cha kitabuni. Merikebu zenye tanga jeusi. Vita vimepamba moto chini ya mji wa Minas Tirith, watu wanatazama mtoni wanaona majahazi ya maharamia yanapanda na upepo. Wanajua wamekwisha. Éomer anacheka kwa kukata tamaa, anajiandaa kufa vizuri. Mara bendera inakunjuka kwenye merikebu ya mbele: mti mweupe, nyota saba, taji. Ni Aragorn, mrithi wa kiti cha ufalme. Upanga wa Éomer ukarushwa juu ukameta juani.

Kile kile kilichokuwa kifo ndicho kilichokuwa msaada. Hakikuongezwa kitu. Merikebu ni zile zile, tulizisoma vibaya. Mimi nimekulia mji wa bandari, mtu akiniambia chombo kinaingia na hujui kimebeba nini, tumbo lanikata.

Filamu iliharibu pahala hapa, ikateremsha jeshi la wafu likafagia kila kitu kwa dakika mbili. Kitabuni wafu wameachwa nyuma, bandari ya Pelargir. Waliomo merikebuni ni watu hai wa kusini, wamekuja kupigana na wengine watakufa. Hapo MwanaKibokoni nakupa nusu ya haki: wafu wa filamu ni hila. Merikebu si hila.

#13 MwanaKibokoni

Nusu naipokea. Nitakuja kuchukua nusu ya pili.

#14 Nahodha_Mstaafu

Nimesoma yote. Mimi si mtu wa riwaya, ila mambo ya chombo kuingia hujui kimebeba nini nayajua.

Ami yangu alitoka na mashua kwenda kuvua, kusi ikawakamata. Siku zikapita, zikatafutwa habari Shimoni, Vanga, hakuna. Wazee wakaamua hitima isomwe. Wanaume wako uani, masufuria ya pilau yako juu ya mafiga, watu wamekaa juu ya mikeka wanasoma. Mara aingia mlangoni ami mwenyewe, midomo imepasuka, kikoi si chake. Wamepeperushwa hadi upande wa Pemba.

Sasa nyinyi mwasema furaha, machozi. Nitawaambia nilichokiona. Hakuna aliyefurahi. Msomaji alinyamaza katikati ya aya. Bibi alitoka jikoni na upawa mkononi, akamtazama, akampiga nao begani, akampiga tena, huku amtukana kwa kutuvalisha msiba bure. Baada ya hapo ndipo magoti yakamwisha.

Kwa hiyo kwangu mimi hao watunzi hawajui. Furaha ya namna hiyo hutokea kama ghadhabu.

#15 KijanaWaKongowea

Pole na hongera mzee wangu. Swali: pilau ilikuwaje?

#16 Nahodha_Mstaafu

Iliungua chini. Tuliila hivyo hivyo, na ami ndiye aliyekula zaidi.

#17 MsomajiTudor

Shikamoo Nahodha. Hilo la ghadhabu nitalifikiria. Tolkien mwenyewe anasema furaha ile ni kali na inachoma kama huzuni, na Sam anapozinduka akamwona Gandalf aliyedhani amekufa zamani, anacheka na kulia kwa pamoja. Upawa haukumjia.

#18 FundiSaa

Mwaenda mbali ya nini? Fort Jesus hiyo hapo! Wareno walizingirwa na Waomani, njaa, maradhi, wakakaribia kwisha wote, merikebu zikaja kutoka Goa, India, zikawaokoa. Hadithi tamu yaozea ngomeni.

#19 Mwalimu_Mvita

FundiSaa, umesimulia nusu tamu. Mzingiro ulianza Machi 1696. Ni kweli msaada ulifika Desemba mwaka huo na ngome ikapata pumzi. Lakini maradhi yakawamaliza, na 1697 ilifika wakati ambapo ngome ikawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na watu wake wachache, kwa kuwa Wareno wenyewe walikuwa wameshakufa. Ikapata msaada tena, ikaendelea kujikokota hadi tarehe 13 Desemba 1698 ilipotekwa. Miezi 33. Na siku chache tu baadaye merikebu za msaada zikatokea upeo wa macho, zikaiona bendera ya Waomani juu ya ngome, zikageuka.

Halafu tuulizane: furaha ya nani? Kuna watu wa mji huu waliokuwa wamemwomba Mwomani aje. Kwao yeye ndiye aliyekuwa pembe ya alfajiri.

#20 MwanaKibokoni

Haya! Hiyo ndiyo nusu yangu ya pili. Maishani merikebu huchelewa siku chache. Riwayani hazichelewi kamwe. Anayeniambia riwaya ile inasema kweli juu ya dunia aende akasimame juu ya ule ukuta atazame baharini.

#21 UkhtiNuru

Assalaam alaykum. Naona mnalizunguka jambo bila kulitaja. Qur'ani yasema, “Kwani hakika pamoja na uzito upo wepesi,” na aya inayofuata yalirudia neno hilo hilo. Hatukuambiwa baada ya uzito, tumeambiwa pamoja nao. Mwenye imani akisoma pahala kama pale pa merikebu, hashangai kwamba wepesi umekuja. Anashangaa kwamba ulikuwa njiani wakati wote.

Na Tolkien alikuwa mtu wa dini, Mkatoliki. Novemba 1944 alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini na jeshi la anga la Uingereza, akamweleza habari aliyoisikia kwenye mahubiri: mtoto mgonjwa mahututi amepelekwa Lourdes, Ufaransa, kwenye pango wanakohiji wagonjwa wakitaraji kupona, hakupona, anarudishwa kwa gari la moshi. Treni inapopita pahala ambapo ile pango inaonekana, mtoto akaketi. Baadaye akasema ana njaa. Tolkien anasema kisa hicho kilimgusa kwa namna ya peke yake, na ndipo akatambua ni hisia ile ile aliyojaribu kuieleza kwenye insha yake.

#22 ChaiMkandaa

Wa alaykum salaam. Sina ugomvi na aya, lakini mimi si mtu wa ibada sana, mama yangu ashahidi, na pale kwenye pembe za wapanda farasi wa Rohan nalia kama kawaida. Kwa hiyo imani peke yake haitoshi kueleza.

Mimi nadhani ni vita. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, Tolkien alikuwa Somme, Ufaransa, ofisa wa mawasiliano. Rafiki zake wa karibu wa tangu shuleni, vita vinakwisha 1918 amebaki mmoja tu hai. Yeye alitokaje? Aliugua homa ya mahandaki, akarudishwa Uingereza Novemba 1916. Homa hiyo huenezwa na chawa. Chawa ndio waliomwokoa! Mtu aliyeokolewa na chawa haoni ajabu dunia ikiokolewa na Gollum.

#23 KijanaWaKongowea

Chawa ndio tai wake. Nimemaliza.

#24 FundiSaa

Mwasahau Tolkien amezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, 1892. Mwafrika mwenzetu. Hadithi za bibi zimo damuni.

#25 Mwalimu_Mvita

Aliondoka ana miaka mitatu, FundiSaa. Rudi kwenye saa zako.

#26 KijanaWaKongowea

Sasa nije na la maana, mara moja tu. Mimi ni wa George R. R. Martin, mtunzi wa Game of Thrones. Katika kitabu kile kile kimoja cha 2000 kuna harusi ambapo wenyeji wanawachinja wageni wao, na kuna mfalme Stannis anayetokea na wapanda farasi wake kuiokoa ile ngome ya Ukuta. Ile ya pili iliniinua kitini kwa sababu ya ile ya kwanza. Mtunzi amekuonyesha kwamba hana huruma na mtu, halafu siku moja anakupa. Kwa Tolkien ukishamjua unakaa ukingojea upewe. Mgawaji bahili ndiye huonekana karimu.

#27 UstadhRiwaya

Kijana leo umelala na kuamka vizuri.

Lakini mtu wa pwani asimsahau Fumo Liyongo. Mshairi Kijumwa wa Lamu aliutunga utendi wake 1913, na wakati mtamu kuliko wote hauko mwisho, uko katikati. Liyongo amefungwa minyororo kwa amri ya sultani wa Pate. Mamake huleta chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hukila kizuri chote wakamwachia makapi. Basi yeye alimpa kijakazi wimbo ampelekee mama, walinzi wasikie wasielewe: oka mkate wa wishwa, utie tupa ndani. Wale walinzi wakachukua vinono kama desturi yao, mkate wa wishwa wakausukumia kwa mfungwa huku wamcheka. Uchoyo wao ndio uliomfikishia tupa! Halafu akaomba apigiwe ngoma ya kumuaga, na katikati ya matoazi, pembe na vifijo akawa akata chuma. Waliocheza walidhani wanamwimbia maiti.

Huo ni mgeuko usiohitaji mtambo wa Aristotle. Ila tazameni unavyoendelea. Mwanawe mwenyewe anakuja kumchoma sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, mshale u tayari upindeni, anafia hapo, na mji mzima hauthubutu kuteka maji. Kwa hiyo sisi tuliutia wepesi katikati na uzito mwisho, na watu wakaendelea kuuimba. Mbona?

#28 Bi_Kashata

Ustadh wasema kweli. Na yule paa wa Sultani Darai je? Amtoa maskini jaani, amuulia nyoka wa vichwa saba, ampa mke na nyumba. Paa akiugua, bwana asema apewe uji wa mtama. Paa afa. Asubuhi bwana aamka yuko jaani achokora punje. Bibi akimaliza hiyo tulikuwa hatuna la kusema, twaenda kulala.

#29 MwanaKibokoni

Hizo mbili zanipa shida, maana zaonyesha kuwa wazee walijua kutupa furaha na kutunyang'anya. Sasa swali langu naligeuza: kwa nini Tolkien hakunyang'anya?

#30 MsomajiTudor

Amenyang'anya, hukufika mwisho. Frodo anarudi kwao, jeraha linamuuma kila mwaka tarehe ile ile, hawezi kuishi tena pale alipopaokoa, anapanda chombo anaondoka. Anayefaidi ni Sam.

#31 MpitaNjia_Likoni

Kumbe Sam alikuwa sultani kweli.

#32 MsomajiTudor

Meya. Mara saba.

#33 MpitaNjia_Likoni

Kaka yangu apewe haki yake. Ustadh, kuna cha Kiswahili cha namna hii nisome, chenye majini na falme? Nimeanza Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, niko pale Adili anapowachapa wale manyani kila usiku. Msinimalizie.

#34 KijanaWaKongowea

Wale manyani ni nduguze, na mwishowe wanarudi kuwa watu.

#35 MpitaNjia_Likoni

Msimamizi! Huyu afungiwe wiki!

#36 Msimamizi

Jina la kitabu ni Adili na Nduguze, sijui ulidhani nduguze ni akina nani. Wa pilau na wa tai fungueni uzi wenu. UkhtiNuru na ChaiMkandaa endeleeni, bado nasoma.